Kwa nini bado naogopa mbalamwezi, ingawa niliombewa na nilisamehe?

#1 Cherehani_Isevya (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo ambalo nimelibeba kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeamua kulileta hapa kwa sababu kuna kikao cha ukoo kinachonisubiri Jumamosi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, mtaa wa Isevya, na ni mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Kigoma. Wazazi wangu walipofariki nikiwa na miaka sita, nilichukuliwa na baba mkubwa, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Anayeujua uvuvi ule anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, na mitumbwi hubaki ufukweni. Kwa watoto wengine wa mtaa wetu, siku za mbalamwezi zilikuwa siku za kucheza nje hadi usiku mwingi. Kwangu zilikuwa siku ambazo baba mkubwa alikuwa nyumbani, hana kazi, hana fedha, na amekunywa. Alinipiga kwa kamba ya wavu iliyolowa maji, kisha akanifungia katika stoo ya dagaa mpaka asubuhi. Dirisha la stoo lilikuwa la mbao, lenye ufa mmoja, na mwanga wa mwezi uliingia pale ukalala sakafuni kama utepe. Nilikuwa nikiuangalia unavyohama kutoka gunia moja hadi jingine. Ukifika gunia la mlangoni nilijua kwamba kunakaribia kucha. Mambo yaliendelea hivyo mpaka nilipotimiza miaka kumi na minne, shangazi aliponipandisha treni kuja Tabora.

Niliokoka nikiwa na miaka ishirini. Niliombewa, nikafunga, nikatamka mbele ya kanisa kwamba nimemsamehe, na sikusema uongo: kuna mzigo ulioshuka siku ile ambao haujarudi. Sina chuki naye. Hata hivyo, mwezi ukikaribia kujaa sipati usingizi, na mchana mikono inatetemeka kiasi cha kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mume wangu, ambaye sasa anaifahamu kalenda ya mwezi kuliko masheikh, hufunika madirisha kwa vitenge bila kuniuliza.

Sasa baba mkubwa amepata kiharusi. Ukoo unataka aletwe kwangu nimuuguze, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyenilea. Mchungaji wangu anasema nikikataa, basi sikuwahi kusamehe. Maswali yangu ni mawili. Kama imani iliniponya, kwa nini mwili wangu haujapata habari? Na je, ni lazima msamaha uishie kwenye kumtandikia mtu kitanda?

#2 Reli_ya_Kati (saa 2:31 usiku)

Pole sana, dada. Huyo shemeji yetu wa vitenge apewe maua yake.

Swali moja kabla wenye elimu hawajafika: mchungaji wako amewahi kusikia habari ya stoo na kamba, au anajua tu kwamba baba mkubwa "alikukosea"? Nauliza kwa sababu watu wengi hutoa ushauri mkali juu ya jambo walilosimuliwa nusu.

#3 Mwombaji_wa_Usiku (saa 2:58 usiku)

Bwana asifiwe. Dada yangu, nitasema waziwazi kwa upendo. Jambo linalorudi kwa majira, tena kwa kufuata mwezi, si la kawaida. Hiyo ni roho ya hofu iliyoingia ukiwa mtoto, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya machozi na uchungu. Uliokolewa, ndiyo, lakini hukufunguliwa. Hayo ni mambo mawili. Mimi mwenyewe nilikuwa na jinamizi lililonikaba tangu utotoni, na liliondoka kwa maombi ya siku saba ambayo hayajahitaji kurudiwa mpaka leo, mwaka wa kumi na moja. Mtunga Zaburi alijua anachosema alipoandika katika Zaburi ya 121 kwamba jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku. Uponyaji wa kweli haubakizi kovu.

#4 Kipimajoto (saa 3:40 usiku)

Salamu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini miaka mingi katika mkoa huu, na ni Mkatoliki wa kila Jumapili, hivyo asinifikirie mtu kwamba naipiga vita sala.

Ndugu Mwombaji, sina sababu ya kukanusha ushuhuda wako. Napinga sentensi yako ya mwisho tu. Nimefunga vidonda vingi, na kovu ndiyo alama kwamba kidonda kimefunga. Kidonda kisicho na kovu mara nyingi hakikuwa kirefu.

Kwa mleta uzi: kinachokupata kina maelezo ya kitabibu na hakihusiani na upungufu wa imani. Mtoto anapotishwa mara kwa mara, sehemu ya ubongo inayolinda usalama hujifunza dalili zinazotangulia hatari. Haihifadhi kumbukumbu kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inahifadhi harufu, mwanga, mlio wa komeo, hatua za mtu mlangoni. Miaka thelathini baadaye dalili ile ikitokea, kengele inalia kabla akili haijauliza kama hatari ipo. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakata. Wewe ulijifunza kwamba mwezi mkubwa maana yake ni kipigo, na kwa miaka minane somo hilo lilikuwa sahihi kabisa. Msamaha ulitamkwa na moyo na ulimi. Kengele haikuwepo kwenye ibada.

Hali hii tunaiita kiwewe, na haina uhusiano na ukichaa. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Felitti na Anda wakiwa miongoni mwao, walianza kuchapisha matokeo ya uchunguzi uliokuja kuhusisha zaidi ya watu wazima 17,000. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo uwezekano wa kupata sonona, ulevi na hata ugonjwa wa moyo ukubwani ulivyoongezeka. Uwezekano kuongezeka si hukumu, naomba hilo lieleweke. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, na usione aibu kuonekana kwenye benchi lile. Mimi nimewahi kukaa pale kama mgonjwa.

#5 Mtani_wa_Kasulu (saa 4:05 usiku)

Samahani kwa kuharibu hali ya hewa. Sisi wote tulichapwa. Baba yangu alikuwa na fimbo tatu, kila moja ina jina, na leo mimi ni mtu mzima mwenye shamba la migomba na heshima zangu. Mithali 13:24 inasema asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Tangu ilipokuja ile Sheria ya Mtoto ya mwaka 2004, kila mtu aliyewahi kupigwa kofi anatafuta daktari wa kiwewe. Tusije tukafika mahali ambapo malezi yote yanaitwa ukatili.

#6 Ustawi_wa_Kata (Jumanne, saa 1:20 asubuhi)

Sheria ya Mtoto ni Namba 21 ya mwaka 2009, ndugu Mtani, si ya 2004. Hata kwa shule, kanuni za mwaka 2002 zinazozungumzia viboko zimeweka mpaka: visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha. Sijui kifungu chochote, cha nchi wala cha Mithali, kinachozungumzia kamba ya wavu na stoo.

Kuhusu madai kwamba ni watu wachache wanaolalamika: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa hadharani 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu robo tatu walisema walipigwa ngumi, mateke au viboko na ndugu, mwalimu au mtu mwingine kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa ukatili wa kingono walikuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba. Wengi wao hawakumwambia mtu yeyote. Katika kazi yangu naona jambo hilohilo: mtoto haogopi kusema tu, anaogopa kuambiwa amesema uongo.

Kwa yeyote anayesoma uzi huu na anamfahamu mtoto aliye katika stoo ya namna hiyo leo, simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na ofisi zetu za ustawi zipo. Kutoa taarifa ni wajibu wa kisheria wa kila mwanajamii, jirani akiwemo.

#7 Karabai (saa 6:45 mchana)

Mimi ni mvuvi, na nimesoma uzi huu nikiwa nimekaa juu ya wavu. Kwanza nirekebishe kidogo kwa wasiojua kazi: hatulali ufukweni usiku mmoja wa mwezi mpevu tu, ni kama wiki nzima au hata siku kumi, mwezi unapokua na unapoanza kupungua. Kwa hiyo dada anapozungumzia "siku za mbalamwezi", hesabuni theluthi ya kila mwezi wa utoto wake.

La pili ni gumu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nilikaa nyumbani miezi mitatu. Mimi nilipigwa na baba yangu, naye alipigwa na wake, na niliapa kwamba kwangu itakoma. Katika wiki ya tano hivi, kijana wangu wa miaka tisa alivunja kioo cha taa yangu ya sola. Niliuona mkono wangu ukienda. Sitaeleza zaidi. Asubuhi alinisalimia akiwa amesimama upande wa pili wa meza, akihakikisha meza iko katikati yetu. Nilimtambua yule mtoto; nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa letu. Hakunihubiria, aliniuliza saa ngapi za siku hasira hupanda, na kwa wiki zilizobaki za kufungwa kwa ziwa alikuwa anakuja saa ileile tukacheze bao. Sijui kama hiyo inaitwa imani au msaada. Dada, sina jibu la swali lako. Ninalosema ni kwamba umasikini wa siku zile haumpi baba mkubwa wako ruhusa, kwa maana hata mimi nilikuwa masikini wiki ya nne na sikumpiga mtu.

#8 Bibi_wa_Ujiji (saa 10:15 jioni)

Assalaam alaykum, wanangu. Binti yangu Cherehani, pole. Mimi nililelewa na mama wa kambo, na yaliyotokea aliyaona Mwenyezi Mungu. Hayo nayaacha hapo.

Nataka kukuambia juu ya mwezi. Sisi Waislamu tuna funga ya sunna ya siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ndizo siku hizohizo mwezi unapojaa. Nilianza kuzifunga nikiwa na miaka arobaini, tukiwa wanawake wanne wa mtaa mmoja, tukifuturu kwangu kwa zamu ya uji. Sikuzianza kwa ajili ya kupona. Lakini baada ya mwaka hivi nilitambua kwamba ninapouona mwezi unakua, kinachonijia kwanza ni nani analeta tende. Hofu yangu haikufukuzwa. Ilisogezwa pembeni na wageni.

Nilikuwa nikisoma Surat Adh-Dhuha, ambayo Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume kwamba alimkuta yatima akampa makazi, kisha anamwamrisha asimwonee yatima. Nikajiuliza: aliyepewa amri hiyo ni yeye aliyekuwa yatima mwenyewe. Hilo nalitafakari hadi leo. Wewe ni Mkristo, sikuambii ufunge zetu. Tafuta wanawake wako watatu.

#9 Mwombaji_wa_Usiku (saa 11:02 jioni)

Shikamoo, bibi. Nimekusikia kwa heshima. Ndugu Kipimajoto, kuhusu kovu nakubali kwamba nilisema kwa haraka.

Bado, suala la kumpokea mgonjwa halijaguswa. Petro aliuliza asamehe mara ngapi, akaambiwa hata saba mara sabini. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na walipokuja na njaa aliwakumbatia palepale, akawalisha. Kama Yusufu aliweza, kwa nini dada yetu asiweze kwa neema?

#10 Katekista_Mstaafu (saa 1:30 usiku)

Hapana, ndugu Mwombaji, si palepale. Tusome pamoja. Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza katika Mwanzo 37, na alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikafuata miaka saba ya shibe, naye alijitambulisha kwa ndugu zake njaa ikiwa katika mwaka wa pili. Ni zaidi ya miaka ishirini. Walipokuja mara ya kwanza alizungumza nao kwa maneno makali kupitia mkalimani, akamfunga Simeoni mbele ya macho yao. Mara ya pili aliingia chumbani akalia peke yake, akanawa uso, akatoka. Kisha akaweka kikombe katika gunia la Benyamini ili aone kama watamtelekeza mdogo wao kama walivyomtelekeza yeye. Alipojua kwamba wamebadilika, ndipo akasema yeye ni nani. Na alipowapa makazi, aliwapa nchi ya Gosheni. Sijasoma popote kwamba aliwapa chumba nyumbani kwake.

Sura ya 18 ya Mathayo yenye saba mara sabini ndiyo hiyohiyo yenye jiwe la kusagia kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo. Tunapenda kuisoma kuanzia katikati.

Kuna habari nyingine ambayo mimbarini haisomwi mara nyingi, ya Tamari katika 2 Samweli 13. Baada ya Tamari kutendewa ukatili na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja, kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze, asilitie jambo hilo moyoni. Mfalme Daudi alikasirika sana, na maandiko hayasemi kwamba alifanya kitu chochote. Tamari akakaa hali ya ukiwa nyumbani mwa Absalomu. Nimefundisha katekesimu miaka ishirini na sita na nakiri kwamba mara kadhaa mimi nilikuwa Daudi: nilikasirika, nikaenda kula.

#11 Reli_ya_Kati (saa 1:48 usiku)

Mwalimu, kwa Gosheni nakupinga kidogo. Mwanzo 45:10 Yusufu anamwambia baba yake, "utakuwa karibu nami". Kwa hiyo wote wawili mna mstari.

#12 Bibi_wa_Ujiji (saa 2:20 usiku)

Na katika Qurani Yusuf anawaambia ndugu zake kwamba hapana lawama juu yao siku hiyo. Ila wao walikuwa wamekwisha kukiri kwamba walikosa. Binti, baba mkubwa amewahi kukiri?

#13 Mwembe_Dodo (saa 5:37 usiku)

Nimeusoma uzi huu mara tatu nikifuta na kuandika upya. Mimi ni mwanamume, ni mkazi wa Tabora, na niko katika ile namba ya mvulana mmoja kati ya saba aliyoitaja Ustawi. Aliyenitendea alikuwa mwalimu wangu wa dini. Sitataja dini wala mahali, na naomba msikisie.

Nawasikia mkisema "imani iliponya", nami nashindwa kujua niingie wapi. Kwangu nyumba ya ibada ndiyo iliyokuwa stoo. Sala zilizokuwa zinamtuliza Cherehani mimi zilinitapisha, kwa sababu sauti iliyonifundisha sala hizo ilikuwa ni ileile. Nilikaa nje ya dini miaka kumi na tatu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walisema nimepotea, nimelewa dunia.

Aliyenirudisha nusu, nasema nusu, alikuwa mzee mmoja mrina asali wa upande wa Sikonge niliyekuwa namnunulia mizinga. Siku moja nilimweleza tukiwa porini, sijui kwa nini yeye. Alizima moshi wake, akakaa chini, akasema, "Nakuamini. Halikuwa kosa lako." Halafu akanyamaza muda mrefu, nyuki wakaanza kurudi, tukalazimika kukimbia. Hicho ndicho kituko cha ushuhuda wangu, kwamba saa kubwa ya maisha yangu iliishia kwenye kuumwa na nyuki masikioni. Sasa tunakutana wanaume watatu, chini ya mwembe, Jumapili moja kwa mwezi. Mmoja anasali kabla ya kuanza, mimi ninasubiri amalize. Usingizi umerudi. Mungu, kwangu, bado yuko kwenye mazungumzo.

Kwa hiyo sikubaliani na Mwombaji, na wala sikubaliani sana na Kipimajoto, maana nilikwenda kwenye benchi lile nikaandikiwa vidonge kabla sijamaliza sentensi.

#14 Kipimajoto (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Nakuamini, Mwembe_Dodo. Na lawama ya vidonge naipokea kwa niaba ya taaluma yangu. Wagonjwa ni wengi, na washauri ni wachache mno. Hata hivyo, kikundi chenu si kitu kidogo kitabibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Moshi na Bungoma ya Kenya, uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi. Waliowaongoza katika vikao vya kuyasimulia machungu yao hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Vikao vilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mrina asali wako hakufundishwa na mtu, lakini aliyatamka maneno mawili ambayo sisi hufundishwa kuyatamka.

#15 Ustawi_wa_Kata (saa 2:05 asubuhi)

Ndugu Mwembe_Dodo, kama mtu huyo bado anafundisha watoto, naomba ufikirie kutoa taarifa, kwa wakati wako na ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Sikulazimishi.

#16 Mwembe_Dodo (saa 2:11 asubuhi)

Alifariki 2016. Nilikwenda mazikoni kuhakikisha.

#17 Mtani_wa_Kasulu (saa 9:30 alasiri)

Nimerudi, na sikuja kubishana. Jana usiku nilimpigia simu dada yangu mkubwa nimweleze kuhusu uzi huu, tucheke kuhusu zile fimbo tatu. Hakucheka. Aliniambia kwamba fimbo ya tatu, ambayo mimi nakumbuka ilikuwa ukutani tu kama pambo, ilikuwa yake. Sikujua. Tulilala chumba kimoja na sikujua.

Bado naamini si kila kiboko ni ukatili. Ila sentensi yangu ya "sisi wote tulichapwa" naiondoa, kwa sababu inaonekana hatukuchapwa wote sawa.

#18 Reli_ya_Kati (saa 9:41 alasiri)

Muha amekubali kosa hadharani. Wanyamwezi tuandike tarehe ukutani.

#19 Mtani_wa_Kasulu (saa 9:44 alasiri)

Wanyamwezi mbebe mizigo yenu, mniachie yangu.

#20 Cherehani_Isevya (Alhamisi, saa 3:15 usiku)

Ndugu zangu, asanteni. Nilishindwa kujibu mapema kwa sababu nina sare za shule za kumaliza.

Reli_ya_Kati, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mwezi. Hapana, mchungaji hakuwa anajua. Kwa miaka yote nilisema "alinitesa" na nikaona nimesema. Jana nilikwenda ofisini kwake na kumweleza habari ya stoo, magunia na utepe wa mwanga. Alinyamaza, akavua miwani, akaomba msamaha kwa alichokuwa ameniambia. Kisha, niseme ukweli wote, akaongeza kwamba hata hivyo ningeomba neema ya kumpokea. Kwa hiyo sijui kama alisikia au alisikia nusu.

Bibi yangu wa Ujiji, shikamoo. Hajawahi kukiri. Shangazi anasema kwamba tangu apate kiharusi ulimi umekuwa mzito, anatamka maneno machache, na moja kati ya hayo ni jina langu. Ukoo unasema ni toba. Mimi naogopa kwamba inaweza kuwa ni toba, na naogopa vilevile kwamba inaweza kuwa ni mazoea ya kuniita nilete maji.

#21 Mwombaji_wa_Usiku (saa 3:50 usiku)

Dada, mimi naiona kama toba, na ningekuwa wewe ningekwenda kabla ulimi haujafunga kabisa. Lakini sitasema tena kwamba usipomchukua hujasamehe. Jana niliiondoa sentensi hiyo katika somo nililokuwa naandaa kwa ajili ya kikundi cha vijana. Katekista amenifanya nisome Mwanzo usiku kucha.

#22 Karabai (saa 4:20 usiku)

Mimi siioni kama toba. Mgonjwa humwita yule anayejua kwamba hatakataa. Nasema hivyo nikiwa mtu ambaye huenda siku moja nikamwita mwanangu, na nisingependa aje kwa sababu hiyo.

#23 Kipimajoto (saa 4:33 usiku)

Kitabibu, baada ya kiharusi neno linalobaki linaweza kuwa neno lolote. Msilipe uzito mkubwa upande huu wala ule. Uguzi wa mgonjwa huyo ni kumgeuza mwili kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Asiyelala theluthi ya mwezi hataweza, hata awe ni malaika, na atakayeumia ni mgonjwa pia. Hilo lisemwe kikaoni bila kutaja msamaha.

#24 Cherehani_Isevya (Jumapili, saa 12:40 jioni)

Kikao kilifanyika kwa simu, wao wakiwa Kigoma nami hapa. Nilisoma kwenye karatasi kwa sababu sauti ilikuwa inatetemeka. Nilitaja stoo. Kaka mmoja, mtoto wa baba mkubwa mwenyewe, alisema, "Tulikuwa tunasikia." Hakuna aliyeongea kwa muda mrefu, mpaka salio likakata.

Walipopiga tena, walisema kwamba kwa sasa mzee atabaki kwa kaka huyo, na mimi nitachangia fedha za dawa na za mtu wa kumgeuza. Wengine hawakupenda, na mmoja amenitoa kwenye kundi la familia. Kuhusu kwenda kumwona sijaamua. Nikienda itakuwa mchana, mwezi ukiwa mwandamo, na shangazi akiwa pembeni.

Mwezi unajaa wiki hii. Shangazi anakuja kulala, na majirani wawili wa jumuiya yetu nimewaalika kwa uji, bibi, bila tende kwa sababu bei imepanda. Nimemwambia mume wangu afunike madirisha mawili, la jikoni aliache kama lilivyo, tuone.

#25 Bibi_wa_Ujiji (saa 1:05 usiku)

Tende nitakutumia kwa treni. Andika jina la kituo.

#26 Reli_ya_Kati (saa 1:09 usiku)

Bibi, kituo cha Tabora ni kimoja. Ila treni ikichelewa kama kawaida, tende zitafika mwezi ukiwa mwandamo.

#27 Cherehani_Isevya (saa 1:22 usiku)

Zije tu. Nitaziweka jikoni, karibu na lile dirisha.